Jina kwenye Banda la Ndama

Watu wa Karatu hawakukatalii kavukavu. Kwanza wanakuvutia kiti, wanakumiminia chai, wanakuuliza habari za nyumbani, za mvua, za mahindi, na za yule ng'ombe wa mama yako aliyekuwa anaumwa mguu. Ukishashiba chai na habari, ndipo wanakukatalia, na hata hapo neno lenyewe la kukataa halitamkwi. Wanasema tu, "Tutaangalia." Katika wiki tatu za kwanza za mwezi wa sita Hyasinta alikunywa chai kumi na tisa, na zote ziliishia kwenye kuangalia.

Kazi aliyokuwa anaitafutia wateja ilikuwa ni ya kuwatafutia wengine wateja, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kueleza. Mwenye saluni pale nyuma ya stendi, Goodness, alimsikiliza huku akisuka, akacheka mpaka akaangusha kitana. "Mdogo wangu, mimi nikitaka wateja nafungulia redio." Fundi wa pancha alimwambia misumari ya barabarani ndiyo inayomtangazia biashara, tena bure. Mzee Damiano, muuza vitunguu vya Mang'ola, alipomwona binti mwenye daftari anauliza anahudumia watu wangapi kwa siku, aligeuka ghafla kuwa mtu asiyejua kitu chochote kuhusu vitunguu. Alidhani ni mtu wa kodi. Hyasinta alitumia nusu saa kumhakikishia kwamba siye, na mzee akatumia nusu saa hiyo hiyo kumhakikishia kwamba magunia yale kumi na mawili ni ya shemeji yake.

Angekuwa mtu mwingine angecheka, akarudi zake mjini. Hyasinta hakucheka, kwa sababu siku zilikuwa zinakwisha.

Miaka mitano alikuwa Dar es Salaam, kwenye ofisi ya matangazo ya dada mmoja aitwaye Sofia. Sofia hakuwa mtu mbaya. Alimfundisha kupiga picha, kuandika tangazo fupi, kutunza ukurasa wa biashara mtandaoni, na kumsikiliza mteja mpaka amalize. Hyasinta alipoaga mwishoni mwa mwezi wa tano kwamba anakwenda kujaribu kazi hiyo nyumbani, Sofia alisema, "Nafasi yako naishikilia mpaka tarehe moja mwezi wa saba. Ukiwa hujarudi, namwita mwingine, na hatutalaumiana." Ndivyo walivyoagana, na bila ugomvi.

Alichokuwa anakitamani Hyasinta hakikuwa kikubwa, na pengine ndiyo maana kilimuuma vile. Kule Dar, feni ikizunguka kichwani na shati likimganda mgongoni, alikuwa anawaza baridi ya mwezi wa sita ya Karatu, ule ukungu unaoteremka kutoka msitu wa kreta ya Ngorongoro ukakuta akina mama wanakwenda shambani na masweta. Aliwaza udongo mwekundu usiotoka kwenye viatu. Aliwaza kuitwa "dasi", yaani binti, kwa Kiiraqw, na mtu asiyehitaji kutafsiriwa. Zaidi ya yote aliwaza benchi moja la kanisani kwao Endabash.

Baba yake, Obedi Qamara, alifariki binti akiwa mwaka wa pili Dar. Hyasinta alifika akakuta kaburi limeshafunikwa, watu wamebaki wachache, na shoka la baba limeegemezwa pale pale alipoliacha. Tangu hapo, kila Jumapili ya pili ya mwezi wa saba, mama yake, Benedicta, alikuwa anamwandikisha marehemu kwenye misa, na katekista anasoma majina kwa sauti, moja moja, watu wameinama. Mwezi wa saba Dar ni wa maonyesho ya Sabasaba, na hakuna ofisi ya matangazo inayotoa ruhusa. Basi mama alikuwa anampigia simu, anainyanyua juu katikati ya kanisa ili mwanawe asikie. Mwaka wa kwanza mtandao ulikatika kwenye "Obe". Mwaka wa pili mtoto wa mtu alilia hapo hapo. Mwaka wa tatu jina lilifika zima, lakini kama linatoka ndani ya debe, na Hyasinta alikuwa amesimama ngazini kwenye jengo la watu, kidole kimoja sikioni, analia bila kutaka kuonekana.

Mwaka huu alitaka kukaa kwenye lile benchi, kando ya mama, alisikie jina la baba yake kwa masikio yake mwenyewe. Basi. Mama alishamwambia, "Dasi, kaa, mimi nitakulisha." Lakini shamba lenyewe lilikuwa linawalisha wadogo zake wawili na ada zao, na Hyasinta hakuwa tayari kuwa mdomo wa ziada. Alijiwekea sharti lake: akipata mteja mmoja tu wa kulipa kabla ya mwezi kwisha, anabaki. Akimkosa, anapanda basi.

Chai ya ishirini aliinywa Njia Panda, pale barabara ya kwenda Mang'ola inapoachana na ile inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Alikuwa ametembea tangu asubuhi na ukungu umemlowanisha nywele. Aliona mlango wa mbao uko wazi, moshi unatoka, akaingia. Ndani mlikuwa na meza tatu, sufuria kubwa na mwanamke wa Kimaasai wa miaka arobaini hivi, mrefu, shanga shingoni, anafuta meza ambayo haikuwa imechafuliwa na mtu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baridi imekupiga. Kaa karibu na moto."

Chai ilikuwa ya maziwa matupu, na maziwa yenyewe yalikuwa na ile harufu ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti. Hyasinta alikunywa akafumba macho. Alipofumbua alikuta mwanamke anamwangalia kwa kufurahi.

"Hoteli yako inaitwaje, mama?"

"Haiitwi."

"Sasa watu wanaelekezana vipi?"

"Wanasema pale. Tukutane pale, tunywe chai pale." Alinyoosha mikono kama mtu aliyemaliza maelezo. "Wanafika."

Aliitwa Namelok. Alieleza bila kuombwa sana. Siku za mnada, tarehe saba na tarehe ishirini na tano, Wamaasai wanaoteremka kutoka Endulen na Nainokanoka kupeleka mifugo Karatu lazima waingie kwake, wanajaa mpaka wengine wanakunywa wamesimama. Siku zilizobaki anakaa na nzi. Pembeni yake zimefunguliwa hoteli mbili zenye mabango na televisheni, na madereva wa watalii, waliokuwa wanasimama kwake zamani, sasa wanasimama huko.

"Zamani ipi, mama?"

"Zamani," alisema Namelok, akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Hyasinta akamweleza kazi yake. Hakueleza kama alivyowaeleza wale kumi na tisa, kwa maneno ya ofisini. Alisema tu, "Mama, chai hii watu hawaijui. Mimi naweza kuwafanya waijue." Akamwambia picha zitakavyopigwa, ukurasa utakavyofunguliwa, mlango utakavyosafishwa ili dereva auone akiwa mbali. Alisubiri kusikia tutaangalia.

"Siku za kawaida wakija watu, nitakulipa kila mnada," alisema Namelok. "Kesho naenda Endulen, mama yangu anaumwa. Nitarudi asubuhi ya mnada. Angela yupo, atakufungulia. Fanya unavyojua."

Hyasinta alitoka pale akiwa hasikii baridi. Alimpigia mama yake akamwambia ampokee Jumapili na kuku, na mama akauliza kuku wa nini, naye akasema amepata mteja.

Angela alikuwa jirani, mama wa Kinyaturu kutoka Singida, kibarua kwenye shamba la kahawa. Namelok akisafiri, Angela ndiye anayemkamulia ng'ombe wake mmoja, na maziwa ya jioni yanakuwa yake. Yeye ndiye aliyemwonyesha Hyasinta uani, na huko uani, kwenye kibanda cha ndama, Hyasinta akaona kitu kilichomfanya apige magoti kwenye samadi na suruali yake nzuri.

Ukuta mmoja wa kibanda ulikuwa bango. Kwa nje ulikuwa ubao mtupu uliopauka. Kwa ndani, upande wa ndama, kulikuwa na maandishi ya rangi ya bluu ya mkono: LEKISHON HOTELI, CHAI MAZIWA NYAMA. Herufi ya S ilikuwa imegeuka, inaangalia nyuma, na kutoka kwenye O ya mwisho rangi ilichuruzika mpaka chini ya ubao.

"Huyu Lekishon ni nani?"

"Si mume wake! Alikufa mwaka wa sita sasa. Mtu wa watu, wanasema, madereva walikuwa wanampenda." Angela alishusha sauti bila sababu. "Masikini, bango la marehemu limeishia kwa ndama."

Masikini. Na Hyasinta naye aliona hivyo hivyo. Kwao marehemu hatupwi uani. Kwao marehemu anajengewa kaburi kwa saruji, jina linachorwa kabla saruji haijakauka, kwa msumari, herufi kubwa, na kila mwaka linasomwa mbele ya watu wote ili asije akasahaulika. Mjane hajawa na uwezo, alijiambia, au hajawa na mtu wa kumsaidia. Kuna heshima gani kubwa kuliko kumrudisha mumewe mlangoni? Na kibiashara pia, ilikuwa dhahabu. Hoteli isiyo na jina ilikuwa na jina wakati wote.

Alipiga picha ya bango kama lilivyo, kwa sababu Sofia alimfundisha kwamba kila kazi inaanza na picha ya kabla, ili baadaye uiweke kando ya picha ya baada. Kisha akalichomoa, akaziba pengo kwa mabati, akalipeleka mjini kwa Fabian, mwandika mabango. Fabian alilipiga msasa likawa jeupe. Akaandika upya kwa rangi nyekundu, herufi zimenyooka, S imegeuzwa inavyotakiwa: KWA LEKISHON. Usiku wa kuamkia mnada Hyasinta aliweka picha mtandaoni na maneno aliyoyafikiria kwa siku mbili: "Mwenyewe ametangulia, lakini jina lake na chai ya mkewe vipo." Alipoyasoma tena alilia kidogo, akimfikiria baba yake. Hayo ndiyo mambo ambayo yeye mwenyewe angetaka mtu amfanyie.

Asubuhi ya mnada bango lilikuwa juu ya mlango. Namelok alikuwa hajafika, gari lilichelewa getini, kwa hiyo Angela na Hyasinta walipika chai sufuria mbili wakasubiri. Wamaasai walianza kuteremka kama kawaida, wengine kwa miguu na mbuzi zao, wengine kwenye malori. Kundi la kwanza liliukaribia mlango. Kijana mmoja mwenye fimbo alisoma bango kwa midomo, akawaambia wenzake neno moja. Wote wakageuza nyuso, wakapita.

Kundi la pili likapita. Mama mmoja mzee alifunika mdomo kwa shuka na kuvuka barabara kabisa, akatembea upande wa pili kwenye matope. Hyasinta alisimama mlangoni akisema karibuni, karibuni chai, na sauti yake ikawa inapungua. Kufikia saa nne meza tatu zilikuwa tupu na chai imefanya utando. Madereva wa watalii wawili walisimama, wakapiga picha bango, wakanywa, wakasifu, lakini Hyasinta hakuwasikia walichosema.

Lori lililomleta Namelok lilisimama ng'ambo. Alishuka na kibuyu mkononi, akainua macho, na kibuyu kikabaki hapo hapo kifuani, hakikushuka wala hakikupanda. Nyuma yake aliteremka mwanamume wa makamo, Parsimei, mdogo wa marehemu. Huyo ndiye aliyevuka barabara.

"Nani kaweka hiyo?" Hakupandisha sauti.

"Mimi, baba."

"Wewe Mmbulu?" Ndivyo wengi wanavyowaita Wairaqw.

"Ndiyo."

Parsimei alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekwisha kupata jibu alilolitegemea. "Nyinyi mnawaandika watu wenu kwenye saruji. Nimeona Endabash. Si vibaya, ni mambo yenu. Kwetu mtu akiondoka, jina lake anaondoka nalo. Watu wake hatulitaji tena. Hata mtoto akiwa nalo, tunambadilishia. Nimekaa miaka sita sijamwita ndugu yangu." Alinyoosha fimbo kuelekea mlangoni, lakini macho yake aliyaweka chini. "Wewe umemwita mbele ya mnada mzima. Shusha, binti."

Hyasinta alipanda kwenye kigoda akashusha. Msumari mmoja ulimchana. Kwamba hakujua ilikuwa wazi, na haikusaidia kitu.

Namelok alikuwa amefika mlangoni. Alilichukua bango kutoka mikononi mwake, akaligeuza upande wa pili, akaligeuza tena. Alipitisha kiganja juu ya rangi nyekundu, taratibu, kama anafuta vumbi.

"Yale yako wapi?"

"Yapi, mama?"

"Aliyoandika yeye."

Hapo Hyasinta akaelewa kosa la pili, ambalo Parsimei hakulijua, na lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Bango halikuwa limetupwa kwa ndama. Lilikuwa limewekwa. Lilikuwa limewekwa mahali ambapo Namelok mwenyewe alikuwa anachuchumaa kila alfajiri, uso kwa uso nalo, akikamua.

"Yalipigwa msasa," alisema Hyasinta. "Mama, yalifutwa."

Namelok hakulia wala hakumtukana, na ingekuwa nafuu angemtukana. Aliliegemeza bango ukutani, maandishi yakiwa ndani. "Nenda nyumbani, mwanangu," alisema, akaingia kumwaga chai.

Siku tatu Hyasinta hakutoka chumbani kwake alikopanga mjini Karatu, nyuma ya kanisa. Alimwandikia Sofia kwamba anarudi, na Sofia akamjibu haraka, kwa furaha, kwamba maonyesho yameshaanza na kazi zimejaa. Alinunua tiketi ya basi la tarehe thelathini. Alimpigia mama yake kumwambia, na upande wa pili mama akasema kwa upole, "Basi nitainyanyua simu, kama kila mwaka." Maneno hayo yalimuumiza Hyasinta kuliko yote yaliyotangulia. Alijiona tayari ngazini, kidole sikioni.

Alikuwa amekwisha kulifuta lile tangazo mtandaoni siku ile ile ya mnada. Kilichobaki ni picha zenyewe kwenye simu. Alizifungua azifute nazo, moja baada ya nyingine, picha ya baada, ya baada, ya baada, na ya mwisho ikawa ile ya kabla. S inayoangalia nyuma. Rangi ya bluu inayochuruzika kutoka kwenye O. Mkono wa mtu aliyekuwa na haraka, au aliyekuwa anacheka. Kidole cha Hyasinta kilisimama juu yake.

Kwenye duka la stesheneri la Leonce mashine ilikuwa haiwezi kutoa karatasi kubwa. Wakaigawa picha vipande sita, wakatoa vipande sita, Hyasinta akavipanga sakafuni na kuviunganisha kwa selotepu mpaka herufi zikawa na ukubwa wao wa mwanzo. Leonce aliuliza ni tangazo la nini. Alimwambia si tangazo.

Tarehe ishirini na tisa, jua linachomoza, bodaboda ilimshusha Njia Panda. Alizunguka moja kwa moja mpaka uani. Namelok alikuwa amechuchumaa anakamua, na mbele yake, penye bango, palikuwa bado na yale mabati. Alimwona na hakuacha kukamua.

"Sikuja kuomba kazi, mama. Naondoka kesho. Nimekuletea yako."

Akaikunjua ile karatasi, akaishikilia kwa mikono miwili juu ya mabati, kwa ndani, upande wa ndama.

Mlio wa maziwa kwenye kibuyu ulikoma. Namelok aliinuka, akasogea mpaka karibu kabisa, akaweka kidole kwenye S, akaizungusha yote, akashuka na ile rangi iliyochuruzika mpaka mwisho wake.

"Nilimwambia umekosea hiyo," alisema. "Mimi sijui kusoma sana, lakini niliona haifanani na ya kwenye mfuko wa sukari. Akasema itaonekana tu, wenye njaa hawaangalii herufi." Aliondoa kidole. "Kutaja siwezi. Lakini macho hakuna aliyeyakataza. Kila asubuhi nilikuwa namwangalia hapa, ndama ananyonya, mimi nakamua. Tangu mnada nakamua naangalia bati."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe tangu juzi. Nilikuwa nimekasirika tu." Akachukua misumari midogo kwenye kopo, wakaibandika karatasi pamoja, na juu yake Namelok akafunika kipande cha nailoni ili ndama asiilambe. Kisha akarudi kwa ng'ombe. Alikamua kidogo, akauliza bila kugeuka, "Kwenu mnataja kweli?"

"Tunataja. Baba yangu atasomwa kanisani mwezi ujao."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, watu wote wanasikia."

"Na mama yako anafanyaje akisikia?"

"Anainama. Halafu akitoka nje anakuwa kama amepumzika."

Namelok aliweka kibuyu chini. Aliangalia mlango wa uani, ambao ulikuwa umefungwa, na barabara nyuma yake, ambayo ilikuwa bado haina mtu. "Miaka sita sijalisikia," alisema. "Wewe si wa ukoo wetu, wala si wa kabila letu. Wewe hakuna anayekukataza. Sema."

"Mama, Parsimei..."

"Parsimei yuko Endulen, na ndama hasemi. Sema."

"Lekishon," alisema Hyasinta.

Namelok alifumba macho. Mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa ng'ombe na ulibaki hapo.

"Tena."

"Lekishon."

Machozi yalimtoka Namelok bila sauti, na hakuyafuta. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kisha akafumbua macho. "Inatosha ya leo," alisema. "Na wa kwako anaitwa nani?"

"Obedi."

"Obedi," alisema Namelok, wazi wazi, kwa ile sauti yake nzito ya Kimaasai, na Hyasinta, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa analisikia jina hilo likikatika njiani, alilisikia zima, karibu, mtu anamwangalia usoni.

Namelok alimaliza kukamua, akamimina maziwa, akamtangulia kuingia ndani kwenye moto. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Ule ubao bado uko, umepigwa msasa bure. Futa hiyo nyekundu, uandike PALE. Watu ndivyo wanavyosema. Wale madereva wawili wamerudi jana, wameleta na wengine watatu. Kila mnada nitakulipa, kama nilivyosema, ila na wewe uwe unapita asubuhi, tunapokamua." Akausukuma mlango. "Ukienda Dar, nani atakuja kunisemea?"

Simu ya Hyasinta ililia. Alikuwa Sofia, ameamka mapema kwa ajili ya maonyesho, anauliza basi la kesho linaingia saa ngapi ili amtume mtu stendi.

"Siji, dada Sofia," alisema Hyasinta. "Nimepata mteja."

"Hongera! Wangapi?"

"Mmoja," alisema, akakaa karibu na moto kusubiri chai.